Skrini Iliyonenepesha Mtaa Wetu

Nilimaliza darasa la sita, halafu shule na mimi tukaachana. Hatukugombana. Baba alikuwa amefariki, asubuhi moja nikabaki nyumbani, na mwalimu hakuja kuuliza. Nadhani hakuwa na hakika kama nilikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Nilikuwa mtoto wa aina hiyo. Mama yangu alikuwa akiwaambia majirani kwamba alizaa watoto wawili, mimi na sauti yangu, ila huyo wa pili bado yuko njiani.

Kwa hiyo nilipokuwa kijana nilichagua kazi ya kunyamaza. Nilijenga kibanda cha mbao na mabati kando ya barabara, hapa Dilala, penye migodi ya kobalti, mbele ya nyumba yetu. Ndani niliweka kompyuta kuukuu ya mezani na mashine ya kuchapa, nikawa napiga barua za watu, kutoa fotokopi na picha za pasipoti. Kibao cha nje nilikipaka rangi mwenyewe. Nilianza kwa herufi kubwa sana, nafasi ikaisha kabla ya maneno, na ikabidi herufi za mwisho zipandane kama abiria wa pikipiki. Wateja walisema kibao kile kilitosha kumweleza mtu habari zote za mwenye duka.

Hawakukosea. Mimi huandika polepole. Kwa mkono naandika polepole, na kwenye kompyuta, ambako natumia vidole viwili, naandika polepole zaidi. Mteja aliweza kuniachia barua ya ukurasa mmoja, akaenda sokoni, akanunua majani ya sombe, akatwanga, akapika, akala, na akarudi akanikuta bado niko kwenye "Kwa heshima kubwa."

Miaka ile bei ya kobalti ilikuwa imeporomoka. Inaporomokea wapi hasa, sisi hatujui. Sisi huona tu malori yakipungua kwenye barabara ya Fungurume, na kampuni ndogo ndogo zilizokuwa zikifanya kazi kwa ajili ya mgodi zikifunga milango moja baada ya nyingine. Zikifunga, hutoa vitu vyake uani na kuviuza: viti vya magurudumu, helmeti, feni, makabati yasiyo na funguo. Jambo ambalo sijalielewa hadi leo ni kwamba bei ilishuka, lakini shimo la mgodi halikuacha kupanuka. Kwanza walifukuzwa wachimbaji wadogo na mifuko yao. Halafu shimo likaanza kuangalia upande wa nyumba.

Lakini nianze na skrini, maana ndiyo iliyoniingiza katika haya yote.

Skrini yangu ya zamani, ile nene ya mraba, iliungua siku umeme uliporudi kwa hasira. Nikaenda kwenye ua wa kampuni moja iliyokuwa inafunga, nikanunua skrini kubwa bapa, pana kama meza ya kupigia pasi. Sijawahi kumiliki kitu kizuri kama kile. Niliirudisha nyumbani kwa pikipiki, nimeikumbatia kwa mikono miwili, na dereva alipopiga kona ya kwanza akanipigia kelele:

"Mudogo, ushikilie mi, usishikilie ekra! Ukianguka, ekra itabakia na nani?"

Sikumshikilia. Nilishika skrini.

Nyumbani nikagundua kwamba tundu la skrini mpya na tundu la kompyuta ya zamani hayafanani hata kidogo. Muuza waya wa sokoni akaniuzia adapta: kikebe cheupe, kidogo kama kiberiti, chenye mkia mmoja wa kuingia kwenye kompyuta na tundu moja la kupokea waya wa skrini.

"Inaingilia huku, inatokea kule," akasema. "Inaonyesha."

Nyuma ya skrini nilikuwa nimesoma namba mbili, 2560 na 1440, na nilitaka kumuuliza kama kikebe kile kitaweza kuzibeba. Badala yake nikatikisa kichwa kukubali. Naye akatikisa kichwa. Biashara ikaisha.

Ilionyesha kweli. Nilipoiwasha nilifurahi kiasi kwamba dakika kadhaa zilipita kabla sijaona kuwa kila mtu amenenepa. Nilikuwa nimefungua picha ya pasipoti ya mama yangu. Mama ni mwembamba kama ufito, lakini aliyenitazama pale alikuwa mwanamke mwenye mashavu ya mke wa gavana. Herufi nazo zilikuwa pana na zenye ukungu, kana kwamba nimezisoma nikiwa natoka usingizini.

Nikafungua mahali ambapo kompyuta huorodhesha ukubwa wa picha inayoweza kutuma. Orodha ilianzia 800 kwa 600 na kuishia 1024 kwa 768. Baada ya hapo hakuna kitu. Nilitafuta siku tatu. Nilizima na kuwasha. Siku ya pili, naona haya kuisema, niliiacha kompyuta ipumzike mchana kutwa, nikidhani imechoka.

Siku ya tatu nilirudi kwa muuza waya na, baada ya kusimama kando ya meza yake muda wa kutosha kuuza betri kwa wateja wanne, nikamwonyesha namba zangu kwenye karatasi. Alicheka, kisha akanieleza vizuri.

"Ordinatere ikiwaka, inauliza ekra: weye uko mukubwa namna gani? Ekra yako ya zamani ilikuwa inajibu yenyewe. Sasa huyu mudogo mweupe amekaa katikati. Ya bei ya chini kama hii haijue kuuliza ekra. Ikiulizwa, inajibu namba kidogo yenye haitailetea matata, kisha inanyamaza."

Nikakitazama kikebe kile mkononi mwake. Ilikuwa kama kukutana na ndugu wa damu.

"Kuko ingine yenye nguvu?" nikauliza.

"Iko Lubumbashi pengine. Hapa haiko."

Nimefikiria njia ya kulieleza hili kwa mtu asiyeshika kompyuta, na nimepata hii. Skrini ni shamba la nukta. Shamba langu lilikuwa na nukta 2560 kwa upana na 1440 kwa urefu wa kwenda chini. Kompyuta, kwa sababu ya adapta, ilikuwa inatuma mbegu za kutosha shamba dogo tu, 1024 kwa 768. Skrini haikutaka kubaki tupu, ikazitawanya zile mbegu chache mpaka mwisho wa shamba, ndiyo maana kulikuwa na ukungu. Na kwa kuwa shamba langu lilikuwa pana kuliko lile kompyuta ililolijua, skrini ilizivuta zaidi kwa upana kuliko kwenda chini. Ndiyo maana unene.

Dawa ya unene ilikuwapo, na hapa ndipo kosa langu linapoanza. Chini ya skrini kulikuwa na vifungo vidogo. Ukivibonyeza yanatokea maandishi ya Kichina, maana wenye kampuni iliyofunga walikuwa Wachina, lakini katikati ya maandishi hayo niliweza kutambua kitu kimoja: 4:3, umbo la skrini za zamani. Nilikibonyeza. Picha ikajikusanya, mama akarudia wembamba wake, na pande mbili za skrini zikabaki na mistari mipana myeusi.

Asubuhi ile ile akapita jirani yetu, mama aliyeuza mikate ya mafuta kwenye kona. Aliinamisha kichwa dirishani.

"Ee! Ekra yako imefiwa? Naona imevaa kitambaa cheusi pande mbili."

Watu waliokuwa foleni wakacheka. Nami nilikuwa nimekwisha kumwambia kila mtu, kwa njia yangu ya kuonyesha kwa mikono, kwamba nimenunua skrini pana kuliko zote za Dilala. Alipoondoka tu, nikaibonyeza tena ijae yote.

Wateja waliupenda unene. Walijiona kwenye skrini wakasema, "Kumbe mi niko muzima hivi!" Kisha karatasi ikatoka, wakajitazama, wakaanza kunilaumu kwamba mashine ya kuchapa ina njaa. Sikuwaeleza. Miezi ikapita hivyo.

Halafu likapita gari la komini, manispaa yetu, lenye kipaza sauti. Nyumba zote zilizo chini ya mita mia tatu kutoka ukingo mpya wa shimo zitaondolewa, na wenyewe watapewa nyingine. Wenye nyumba waende ofisini na karatasi ya nyumba na fomu iliyojazwa, kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Asiyekuwa kwenye orodha hatajulikana, na nyumba yake itavunjwa kama nyumba isiyo na mwenyewe. Gari likazunguka mara tatu, likaenda zake.

Hakuna aliyekuja kupima. Kila mtu aliachiwa ajue mwenyewe yuko ndani au nje. Hata kwenda kuuliza kulikuwa na hofu, kwa sababu maneno yalienea kwamba anayejiandikisha bila sababu ndiye atakayekuwa wa kwanza kuvunjiwa. Umejitoa mwenyewe, watakukatalia nini?

Mama alikuwa na vitu viwili duniani, nyumba ile ya matofali ambayo baba alipewa na kampuni ya zamani ya mgodi alipozeeka kazini, na mimi. Mimi hakuna mgodi ulionihitaji.

Ng'ambo ya barabara aliishi mzee mmoja ambaye ujana wake wote alibeba cheni ya wapima ardhi wa kampuni ya zamani. Hakuwa mpimaji. Alikuwa mtu wa kushika ncha ya pili ya cheni, lakini kwa miaka mingi kiasi kwamba katika mtaa wetu yeye ndiye alikuwa elimu ya vipimo. Hakuwahi kwenda mahali bila kuhesabu hatua. Kila hatua mia moja alihamisha kokoto kutoka mfuko mmoja wa suruali kwenda mwingine. Mtoto wa dada yake alifanya kazi komini, na kupitia kwake mzee alipata ramani ya shimo jipya ndani ya flashi. Akaileta kibandani siku ya Jumapili, watu wakitoka kanisani, mtaa mzima nyuma yake.

"Mutoto," akaniambia, "fungua ekra yako ile kubwa. Leo itafanya kazi ya bantu bakubwa."

Tuliitoa meza nje. Ramani ikafunguka, ikajaza skrini kutoka ukingo hadi ukingo: mtaa wetu umesimama wima upande wa kulia kutoka juu hadi chini, nyumba zimepangwa kama meno, na kushoto kabisa ukingo wa shimo. Watu wakasema "aaa" kwa pamoja. Sijawahi kusababisha "aaa" maishani mwangu. Nilisimama kando ya skrini kama baba wa bwana harusi.

Maandishi madogo ya chini, yenye kipimo cha ramani, hayakusomeka kwa ule ukungu. Nilijaribu kuyakuza, mtaa ukatoweka, watu wakapiga kelele: "Umetupeleka wapi? Rudisha avenyu!" Nikarudisha.

"Acha bile biandiko," mzee akasema. "Ile ni ya karatasi, na sisi tuko ku kioo. Munipe kitu chenye nilishatembea kwa miguu yangu."

Alikuwa ametembea mtaa wetu maisha yake yote: mita mia mbili na arobaini, kokoto kwa kokoto. Akachukua rula ndefu ya seremala, akapima mtaa kwenye kioo kutoka juu hadi chini. Sentimita ishirini na nne. Kwa hiyo sentimita moja ni mita kumi. Mtaa mzima ulifuata hesabu ile kwa midomo. Kisha akaigeuza rula, akapima kutoka ukingo wa shimo, kwa upana, mpaka kwenye nyumba zetu.

"Makumi tatu na sita," akatangaza. Akanyoosha mgongo. "Mita mia tatu na makumi sita. Tuko inje!"

Kelele zilizopigwa pale zilifika hadi kanisani. Mama alinishika kichwa kwa mikono miwili mbele ya watu wote. Mtu mmoja tu hakupiga kelele. Mama wa mikate alikuwa amesogeza uso karibu na kioo, akagusa kwa kidole alama iliyokuwa mwisho wa mtaa, mahali pa tangi la maji.

"Tata," akamwuliza mzee, "tangu lini tangi yetu ni yai?"

Mzee hakugeuka. "Mama, ramani ni ramani. Haiko foto ya harusi."

"Haya. Mi nauliza tu."

Nililiona lile yai. Nilijua kwa nini ni yai. Yaani, kichwa changu kilijua. Mdomo wangu ulikuwa mahali pengine. Nikajiambia kwamba unene ni jambo la picha za watu, na kwamba mzee aliyepima ardhi miaka yote ile hawezi kukosea kwa sababu ya kijana wa darasa la sita. Kwa kweli nilikuwa bado naisikia ile "aaa".

Jumatatu mama alinunua chokaa. Kwa kuwa tunabaki, alisema, basi tubaki vizuri. Alipaka ukuta wote wa mbele, akaimba, akanipa brashi nipake juu asikofika. Nilipaka. Kila nilipochovya brashi niliwaza yai.

Ijumaa asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya bomba, na bomba letu liko chini ya lile tangi. Nikainua macho. Nililitazama kama mtu ambaye hajawahi kuliona. Lilikuwa duara, duara kama sufuria. Nikaacha ndoo kwenye foleni, nikakimbia.

Kibandani nilifungua ramani, nikabonyeza vifungo hadi 4:3. Pande zikawa nyeusi. Yai likawa duara. Nikachukua rula yangu ya shule. Mtaa kutoka juu hadi chini: ishirini na nne, vile vile. Kutoka shimo hadi nyumbani kwetu: ishirini na saba.

Mita mia mbili na sabini. Nikapima tena, nikipinda rula kidogo ili kuisaidia. Ishirini na saba.

Sasa ilibaki kumwambia mzee, kazi ambayo mtu mwingine angeimaliza kabla chai haijapoa. Nilivuka barabara. Mzee alikuwa amekaa mlangoni anatengeneza redio. Nikamsalimu, nikaomba maji, nikanywa, nikarudi. Baada ya kitambo nikavuka tena, nikaomba maji. Mara ya tatu alinishika mkono.

"Mutoto, kwenu bomba imekauka? Ao uko na ugonjwa?"

"Hapana, tata."

"Basi unataka nini?"

"Maji, tata."

Nikaona afadhali niandike. Nilifunga kibanda, nikakaa na kalamu. Niliandika kwamba skrini yangu hunenepesha, kwamba nilijua tangu zamani, kwamba rula yake haikukosea ila kioo changu kilikosea, na kwamba naomba msamaha. Mistari minane. Nilipomaliza, jua lilikuwa limeshaanza kuteremka upande wa Kasaji, na mtu angeweza kujenga choo kwa muda ule. Nikavuka barabara mara ya nne, nikampa karatasi kwa mikono miwili, nikageuka niondoke.

"Ngoja," akasema. "Miwani yangu ilishavunjika. Unisomee."

Kwa hiyo, baada ya kuandika mchana kutwa ili nisiseme, nilisimama mlangoni pake na kusema yote, kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na salamu na "Kwa heshima kubwa."

Mzee akaweka redio chini. Tukaenda kibandani, nikasikia kokoto zikigongana mfukoni mwake. Nilimwonyesha yai, kisha duara, kisha yai tena. Akapima mwenyewe, mara mbili, pua ikigusa rula.

"Miaka yote ile," akasema polepole, "bazungu ba kampuni balikuwa banatuambia: mbele ya kupima, muangalie cheni kama haijavutika. Kila asubui. Cheni inavutika, tata, inakudanganya." Akanigeukia. "Na mi sikuangalia cheni yako."

"Ni kosa yangu, tata."

"Ni yako. Lakini bantu batanicheka mi." Akachukua kofia. "Twende. Weye utagonga mulango, mi nitasema."

Tukapita nyumba kwa nyumba. Nilikuwa nagonga na kujificha nyuma yake. Kwetu tulifika mwisho, na mama alisikiliza yote akiwa amesimama mbele ya ukuta wake mweupe.

"Ulijua?" akaniuliza. Si mzee, mimi.

"Kidogo."

"Na ukapaka chokaa pamoja na mi?"

Alinitazama, kisha akaingia ndani kutafuta karatasi ya nyumba.

Jumamosi mtaa wetu wote ulikuwa komini kabla ofisi haijafunguliwa. Langoni tulimkuta mama wa mikate na beseni lake, akiwauzia waliokuwa foleni.

"Mama, nawe umekuja kujiandika?" mzee akamwuliza.

"Mi? Nilishajiandika tangu siku ya kwanza."

"Lakini Jumapili nilipima mbele yako!"

"Tata, nikiwa kasichana balitufukuza hapa na wazazi wangu, sisi ba asili ya Kasai, tukalala majuma mingi ku stesheni tukingojea treni. Hakuna mwenye alituandika popote. Siku ile nilisema, wakinifukuza tena, waniandike kwanza." Akampa mkate. "Kula. Umetembea mingi. Huu haulipwi, ni wa yai."

Fomu ilikuwa ya kurasa mbili, kwa Kifaransa, na wengi wa mtaa wetu hawakuweza kuijaza. Wote wakageukia mtu mmoja, mwenye kibanda cha barua, yaani mimi. Nitaomba msomaji akumbuke niliyosema kuhusu kasi yangu ya kuandika. Nikakaa juu ya tofali, ubao magotini, na watu wakajipanga. Jua likapanda. Kila nilipoinua kichwa nilimwona karani dirishani akitazama saa.

"Andika tu, usichore!" mama wa mikate akanisukuma bega. "Hii haiko barua ya kuposa!"

Niliandika hadi kidole kikavimba. Fomu ya mama niliiweka mwisho. Niliona haya kumtanguliza wangu wakati kosa ni langu. Nilipoweka nukta ya mwisho kwenye fomu yake, karani alikuwa ameshika kibao cha dirisha, anakishusha. Mama alikuwa hatua kumi kutoka hapo na ameshindwa kupenya kwenye watu.

Nikafungua mdomo.

"Tata karani! Ngoja!"

Nimeambiwa na waliokuwapo kwamba ilikuwa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Komini nzima iligeuka. Karani mwenyewe alishtuka akaachia kibao nusu, nami nikapenya watu, na katika ile nusu nikasukuma mkono wangu wenye fomu na karatasi ya nyumba. Akazitazama, akautazama mkono. Akapiga muhuri.

Nyuma yangu nikamsikia mama akimwambia mama wa mikate, "Unasikia? Mutoto wangu wa pili amefika."

Juma lililofuata walikuja na rangi nyekundu, wakaandika namba ya orodha kwenye kila nyumba. Kwetu ilionekana vizuri kuliko kwingine kote, juu ya chokaa mpya. Mtu wa rangi alimsifu mama kwa kumwandalia ukuta. Kabla ya mashine ya kubomoa kufika nilitoka na simu yangu nikaipiga nyumba picha, ukuta mweupe, namba nyekundu, mlango umefungwa.

Sasa tunaishi sehemu nyingine, nyumba ya vyumba viwili, mbali na kila kitu isipokuwa vumbi. Ni ndogo, lakini tulipewa kwa ile namba. Mzee alipewa ya jirani, na kila asubuhi naona akihesabu hatua za mtaa mpya. Kibanda nimekijenga upya. Adapta ni ile ile. Adapta ya Lubumbashi bado iko Lubumbashi. Skrini huiacha kwenye 4:3, na mteja akiuliza kuhusu mistari myeusi namweleza, kwa mdomo, hadi wengine hujuta kuuliza.

Mwezi uliopita mama alikuja kukaa nami kibandani, akataka kuona picha ya nyumba. Nikaifungua. Alipoinama karibu na kioo kiwiko chake kikagusa vifungo vya chini, maandishi ya Kichina yakatokea, na kabla sijaweza kuizuia, picha ikajivuta ikajaa ukingo hadi ukingo. Ukuta mweupe ukawa mrefu, mlango mpana, madirisha kama ya nyumba ya askofu. Nikanyoosha mkono kuirekebisha.

Mama akaushika mkono wangu.

"Iache hivyo," akasema. "Ilikuwa kubwa."